Kumtafuta Asumini wa Bara

Tangu nirudi sijapita mahali nikaachwa nipite. Dukani naulizwa, msikitini naulizwa kabla sijavaa viatu, hata mama yake Bakari kanizuia jana na ndoo ya maji kichwani, ataka kujua nilimuona ama sikumuona. Basi nimekaa chini niandike yote, tangu kutoka hadi kufika, mpokezane msome, kisha mniache nipumue. Nauli na ruhusa za nyumbani nitaziruka. Nitaeleza yaliyonikuta, na mkitaka kucheka chekeni, kwani mimi mwenyewe nilicheka njia nzima ya kurudi.

Msomaji asiyekuwa wa baraza yetu ajue kwamba mimi ndiye Barobaro wa Mtongwe. Jina langu ni Ramadhani, lakini kwenye kipindi cha salamu cha redio hakuna anayetumia jina alilopewa na babake. Unatuma kadi yako, unawataja unaowasalimu, unaongeza maneno machache ya kujipamba, halafu unakaa ubavuni mwa redio siku baada ya siku ukingoja mtangazaji akutaje. Mimi nilikuwa nikimalizia hivi: "Barobaro wa Mtongwe yupo, anang'ara, na hana mpinzani." Niliyapenda sana maneno hayo.

Siku moja mchana, mama anapaa samaki uani, tukasikia mtangazaji akisoma: "Asumini wa Bara anasema, salamu zimfikie mume wangu, Barobaro wa Mtongwe. Ukinyamaza, mume wangu, chakula hakinipiti."

Mume wangu! Mbele ya nchi nzima! Mama aliacha kisu, akaniangalia kama ndiyo kwanza aniona. Mimi nilitoka mbio mpaka barazani, na mnakumbuka wenyewe nilivyofika sina pumzi. Toka siku hiyo salamu zake hazikukatika, na kila mara ni mume wangu hili, mume wangu lile, nami katika kila kadi nikamtaja kwanza. Nikamtengenezea sura kichwani. Nikampa macho, nikampa mwendo, nikampa mpaka sauti ya kuniamsha asubuhi. Mama alipoanza kunitajia binti wa jirani nilimwambia aache, nina wangu. Na mbele yenu nyote niliapa kwamba nitamtafuta, nitamuona, kisha wazee waende kuposa. Bakari akasema huenda huyo Asumini ni mwanamume mwenye ndevu. Kwa neno hilo tu, hata ningekuwa mgonjwa ningekwenda.

Mtongwe hadi feri

Nilitoka asubuhi mapema nimevaa shati jeupe, suruali iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na viatu vya Bakari. Viatu vilinibana tangu mlangoni, lakini viling'aa, na siku ile nilitaka kung'aa kuliko kutembea. Mkononi nilikuwa na kikapu kidogo chenye halua.

Shida ya safari yangu ilikuwa jina lenyewe. Asumini wa Bara, lakini bara gani? Sisi wa Mtongwe na Likoni ni bara, watu wa Changamwe ni bara, na Kisauni yote mpaka Bamburi ni bara. Kisiwa chenye mji kiko katikati na bara zimekizunguka. Nilichojua ni kwamba Changamwe kuna kinyozi ajiitaye Kamanda wa Changamwe, mkongwe wa salamu, na mara mbili tatu Asumini aliwahi kumtaja. Nikaamua nianze kwake.

Pale feri nilikuta watu wamejaa na hakuna anayesogea. Chombo kiko, mlango wake umeshuka, na katikati ya mlango amelala ng'ombe. Ng'ombe wa harusi, mwekundu, mnene, shingoni kafungwa kitambaa. Mwenyewe ni mzee wa Ng'ombeni, amekamata kamba anamsihi kwa maneno matamu.

"Inuka, mwanangu, watu watutazama," akamwambia.

"Mzee, huyu haogopi maji, ajua aendako," kijana mmoja wa mkokoteni akasema, na umati wote ukaangua kicheko.

Mimi nilikuwa sicheki. Nilipenya mpaka mbele nikamwambia mzee nina haraka, nakwenda kumuona mchumba wangu kwa mara ya kwanza. Sijui kwa nini nilimwambia. Siku ile nilikuwa namwambia kila mtu. Mama aliyekuwa akiuza mahamri akanisikia, akanipa moja la moto lenye mbaazi juu yake, akaniambia nile, mwanamume asiende kwa watu tumbo likinguruma. Nikala nimesimama, mchuzi ukinitiririka mkononi, nimeinua mkono juu usije ukagusa shati.

"Watu wa wapi hao wakwezo?" mzee wa ng'ombe akaniuliza.

"Bado sijajua."

"Na yeye mwenyewe, mwana wa nani?"

"Hilo pia bado."

Mzee akanitazama, kisha akamtazama ng'ombe wake. Hapo honi ya feri ikalia, ndefu, ya kukereketa masikio. Ng'ombe akaruka kwa miguu minne akaingia ndani mbio kabla ya abiria yeyote, na mzee akiburutwa nyuma yake kanzu imejaa upepo. Tulivuka sote tukishangilia, na mimi nilishangilia kuliko wote, maana niliona safari imefunguka.

Changamwe kwa kinyozi

Nyinyi mnajua mimi Changamwe sikuwa na desturi nako. Watu wengi pale wametoka mbali, wamekuja kwa kazi za reli na za bandari, na Kiswahili chao kina njia zake. Sisi wa pwani tukikisikia hujikaza tusicheke, na wakati mwingine hatujikazi. Nilipokuwa naulizia kibanda cha Kamanda nilikuwa tayari najiona mwalimu wa lugha niliyetumwa na serikali.

Nilitarajia jitu la miraba minne. Nikakuta mtu mwembamba, mfupi, koti jeupe la kinyozi linamfika magotini. Jina lake khasa ni Musyoka. Nilipomtajia jina langu la redioni aliacha kichwa cha mteja kimenyolewa nusu.

"Barobaro! Ati Barobaro mwenyewe? Nyinyi kujeni muone! Barobaro wa Mtongwe ako hapa kwangu!"

Wakaja kweli. Alikuja fundi wa viatu, akaja mama wa chai, wakaja watoto. Wakanishika mkono mmoja mmoja. Wallahi nilikua urefu siku ile. Mama wa chai akataka niseme yale maneno yangu ya mwisho, nikayasema kwa sauti ya redio, yupo, anang'ara, hana mpinzani, wakapiga makofi. Hata yule mteja wa nusu kichwa alipiga makofi. Kamanda akanikalisha kitini, akaninyoa ndevu bila kuniomba kitu, kisha akaniletea sahani ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nilitafuta nazi humo ndani sikuiona, lakini nilikula yote kwa adabu, na njaa ilinisaidia.

"Na Asumini wa Bara wamjua?" nikamuuliza, nikijifanya sina haja sana.

"Asumini namjua. Ile siku watu wa salamu tulikutana huko Kisauni, tuliongea na yeye karibu mchana yote. Mtu wa maneno mazuri sana."

Moyo ukanidunda mpaka nikahisi kwenye meno. "Yukoje?"

Kamanda akasimama na wembe mkononi, akafikiri. Ilionekana alikuwa akitafuta neno zuri la kunipa. "Asumini," akasema, "ni nyanya."

"Nyanya?"

"Nyanya kabisa, bwana."

Sasa hapa nisikilizeni. Kwetu nyanya ni mama yake mama au mama yake baba. Kile chekundu cha kutilia mchuzini sisi twakiita tungule. Watu waliotoka bara ya mbali ndio wanaokiita nyanya, na kila siku sokoni tunawacheka kwamba wataka kutia bibi zao chunguni. Basi mimi, kwa ujuzi wangu, nikakitafsiri Kiswahili cha Kamanda hapo hapo kichwani. Nikasema, huyu maskini ataka kuniambia Asumini ni tungule. Mwekundu, laini, ngozi inateleza. Nikaona jinsi watu wa mbali wanavyosifu wanawake, nikataka kucheka, nikajizuia.

"Ameiva?" nikamtupia jicho la kiume.

Kamanda alicheka mpaka akaweka wembe chini. "Ameiva kitambo!"

Tukacheka pamoja, tukapigana mikono, kila mmoja akicheka lake. Akaniambia Asumini akaa upande wa Kisauni, huko ndani ndani, yeye hapajui nyumbani, lakini nikifika soko la Kongowea niulize wenye vibanda, wote wanamjua. Nikaona mambo yamejipanga yenyewe. Nyanya, soko, wenye vibanda. Kumbe kazi yake ni kuuza tungule! Nikamega robo ya halua nikamwachia Kamanda, nikaondoka nikiruka madimbwi.

Kongowea kwa wauza tungule

Nilirudi kisiwani, nikapita mjini bila kugeuka, na daraja la Nyali nilivuka kwa miguu ingawa magari yalikuwepo. Nilitaka kumfikia nikiwa natembea. Viatu vya Bakari havikukubaliana nami, na katikati ya daraja nilivivua nikavishika mkononi, nikavivaa tena nilipoliona soko.

Mkitaka kujua kilimo cha nchi hii chote nendeni Kongowea. Malori yamepangana, kabichi milima, vitunguu milima, na safu nzima ya wanawake wamekaa mbele ya tungule zilizopangwa mafungu mafungu. Nilitembea ile safu taratibu nikitazama nyuso. Kila mwenye umri wangu nilimpa nafasi. Mmoja alinirudishia jicho kali, nikamtoa. Mwingine alikuwa ananyonyesha, nikamtoa kwa majuto.

"Kaka, wanunua ama wakagua?" mama mmoja akaniuliza. Mwili mkubwa, sauti kubwa, leso mbili, wenzake walimwita Mama Riziki.

Nikatoa salamu zangu zote, kisha nikamwambia namtafuta mwenzao auzaye tungule, aitwaye Asumini wa Bara.

"Asumini ndiye mimi!" akadakia mmoja.

"Mwongo huyo, ndiye mimi!" mwingine akasema, akajitanda leso kama biharusi.

Bibi mmoja wa mwisho wa safu, hana meno ya mbele, akanivuta shati. "Mume wangu," akasema, "nunua basi kwangu, hao wakuchezea."

Niliudhika, nawaambia kweli. Lile neno nilikuwa nimeliweka mahali pa peke yake, na huyu bibi alilitumia kuniuzia tungule. Nikajivuta, nikamwambia Mama Riziki sitanii. Namtaka Asumini wa redioni, na nia yangu ni ndoa.

Mama Riziki akaweka chini fungu alilokuwa nalo mkononi. "Wataka kumuoa," akasema polepole. "Asumini. Yule wa Kiembeni. Anunuaye tungule kwangu kila wiki."

"Anunuaye? Hauzi?"

"Hauzi." Midomo ikaanza kumcheza. "Na yeye ajua kwamba waja?"

"Aniita mume wake, mama. Nchi nzima imesikia."

Basi palitokea kitu sijapata kukiona. Mama Riziki aliinama akajifunika leso usoni, mabega yakitikisika, na safu nzima ikaanguka pamoja naye. Wengine walilia machozi. Kisha mmoja akapiga kigelegele, na mwingine akapokea, soko lote likageuka kutazama. Wakanijazia kikapu tungule, kila mmoja akitia moja, wakisema ni mchango wa harusi. Nikaelekezwa vizuri: lori lile pale larudi Bamburi, likushushe njia ya kuingia Kiembeni, kisha uulize nyumba ya mlango wa kijani. Niliondoka nikipunga mkono. Nilidhani wamefurahi kwa ajili yangu.

Juu ya lori

Lori lilikuwa limeshusha saruji mjini na sasa linarudi tupu, sakafuni magunia ya karatasi yaliyochanika. Wapakizi walinivuta juu mikono miwili. Nikakaa nikiegemea ubao, kikapu mapajani, na dereva akaondoka kama aliyefukuzwa.

Ile saruji iliyobaki iliamka yote. Ilizunguka mle ndani, ikatuingia puani na nyusini, na wenzangu waliizoea, waliendelea kuzungumza. Karibu nami alikaa Charo, Mgiriama mcheshi, akanigawia viazi vya karai alivyofunga kwenye gazeti. Nikamwambia nakwenda posa. Akapiga ubao wa lori kwa furaha, akawaambia wengine, wakaanza kuniimbia nyimbo za harusi za kwao, nami nikaitikia nisichokijua. Tulipita Bombolulu watu wakisimama kututazama. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua mtu anaweza kuwa nayo akiwa ameketi juu ya magunia. Kwenye tuta moja kubwa nilirushwa juu, nikarudi chini kwa kishindo, na kikapu kikawa kati yangu na ubao.

Waliponishusha nilijitazama. Shati langu jeupe lilikuwa na tungule kuanzia kifuani hadi kiunoni. Halua ilikuwa salama ndani ya kopo lake. Charo akaniambia kwamba bwana harusi ni moyo, si shati, na lori likaondoka.

Kiembeni kuna milango ya kijani mingi kuliko alivyodhani Mama Riziki. Kwenye wa kwanza sikumaliza hata kubisha hodi, akatoka mzee mwenye hasira. "Fundi, wachelewa mpaka saa hizi! Pita nyuma, choo kiko huku." Nilimweleza kwamba mimi si fundi, nimekuja kumuona Asumini. Akaniangalia ile saruji kichwani, hakuniamini kabisa, lakini alinyoosha kidole kuonyesha nyumba ya tatu.

Kiembeni

Nilisimama mbele ya mlango ule nikapangusa viatu nyuma ya suruali, mguu mmoja kisha wa pili. Maneno nilikuwa nimeyaandaa tangu Mtongwe. Nikabisha hodi.

Akafungua msichana wa umri wangu, leso kiunoni, unga mikononi. Macho yake si yale niliyompa mimi, yalikuwa mazuri zaidi. Nikaona hapa ndipo.

"Mimi ndiye yule unayemwita," nikasema. "Barobaro wa Mtongwe. Nimekuja mwenyewe."

Alinitazama nywele, akatazama shati, akatazama kikapu kinachovuja. Akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga.

"Zuhura!" sauti ikaita kutoka ndani.

"Abee, nyanya!"

"Ni nani hapo mlangoni?"

"Ni mumeo, nyanya! Mumeo wa Mtongwe kaja! Lakini mbona ana mvi kukushinda?"

Nyanya. Nilisikia neno lile likitoka kwa msichana wa pwani, kwa Kiswahili changu mwenyewe, na hapo hapo nikamsikia Kamanda tena na wembe wake. Aliniambia kweli. Mtu wa mbali alikuwa amenikirimu kwa lugha ya kwetu, akatafuta neno letu, akalitia mahali pake, na mimi mwenye lugha ndiye niliyekosa kuelewa. Nikawakumbuka na wale wanawake wa soko na vigelegele vyao, masikio yakaniwaka moto.

Akatoka bibi mdogo wa umbo, anajishika ukutani, miwani imefungwa uzi upande mmoja. "Ndoo, mume wangu," akasema, akiniita kwa mkono nije karibu. "Ndoo nikutazame. Niliwaambia yuwaja, wakanicheka."

"Shikamoo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Marahaba, mume wangu. Kumbe u kijana mzuri, ni saruji tu. Zuhura, mpe maji anawe, kisha umtilie vibibi vyenye tui zito. Mume wangu ametoka mbali."

Nilinawa uani. Maji yalitoka meupe, kisha mekundu. Nilitaka kulia, kisha nilitaka kumpiga Bakari, kisha nilitamani pale uani pawe na mlango wa nyuma. Zuhura alisimama na kopo la maji, kicheko kimemwisha.

"Ulidhani ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, sijui kwa nini, labda kwa vile nilikuwa nimechoka.

"Kwani kwenu hamna nyanya?"

"Yuko. Mama yake baba. Twakaa naye."

"Naye akuitaje?"

"Mume wangu," nikasema, mikono ikichuruzika maji. Nyanyangu aniita mume wangu tangu nizaliwe. Mume wangu niletee maji, mume wangu njoo unitilie uzi sindanoni. Ni utani wa bibi na mjukuu, sote tumekua nao, hakuna mtoto wa pwani asiyeujua. Naitwa hivyo asubuhi na jioni na siku zote naitika bila kugeuza kichwa.

"Basi na huyo pia humsikii," Zuhura akasema. Hakusema kwa ubaya. "Kadi za nyanya naziandika mimi. Yeye asema, mimi naandika. Zako twazisikia zote. Hebu nambie, katika miezi yote hii, wamjua nini Asumini?"

Nilifikiri. Nawaapia nilifikiri kwa dhati. Nilijua aliwahi kusema kwamba nikinyamaza chakula hakimpiti. Nilijua alisema jina langu lina ladha. Nilijua alisema kwamba hakuna kama mimi katika bara zote. Kila nilichokishika kilikuwa mimi. Nikatafuta kimoja tu kilichokuwa chake, hata kidogo, hata kipenzi chake cha chakula, sikukipata.

"Hujamuuliza hata hali," akasema Zuhura. "Kila kadi, yupo, anang'ara, hana mpinzani. Nyanya huweka sikio karibu na redio angoje mpaka mwisho, kisha husema, haya, labda kadi ijayo."

Pale uani, kichwa kikiniuma kwa saruji na soni, nilijiona. Nilikuwa sijampenda mtu yeyote. Nilichopenda ni kusikia nikiitwa. Kwa ajili ya hicho nilimkatalia mama, nikawaapia nyinyi, nikavuka bara tatu kwa viatu vya watu. Iliniuma, siwafichi. Lakini nilihisi pia wepesi mkubwa, mtu anavyohisi akitua gunia, na ghafla nikaanza kucheka, Zuhura akacheka nami, na bibi akatuita kutoka ndani tumpe na yeye acheke.

Tulikula vibibi, chapati laini za unga wa mchele, na halua. Vilikuwa vitamu na nilikula vingi bila aibu. Bibi aliniuliza mambo ya Mtongwe, nikajibu, akafurahi, akaniuliza tena. Nikajiona nazungumza mimi tu. Nikaweka sahani chini.

"Na wewe, nyanya," nikasema, "hujambo?"

"Sijambo, mume wangu. Alhamdulillahi."

Hapo ndipo watu wote huendelea na mengine. Umeuliza, umejibiwa, basi. Mimi nikanyamaza. Nikamtazama, nikangoja.

Naye akanitazama. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya leso, akachukua muda kuivaa tena kwa ule uzi.

"Magoti yaniuma," akasema. "Tangu mvua zile kubwa. Kwenda choo ni safari. Na Zuhura huyu aolewa mwezi wa mfungo mosi, achukuliwa Lamu. Nafurahi, nimwombealo kila siku ni hilo. Lakini nyumba itabaki na mimi na redio." Akaishika ile redio pembeni yake, redio ndogo ya betri. "Nisikie vibaya, nisikie vizuri, napenda kusikia wanitaja. Mtu akishakuwa mzee hatajwi tena. Waitwa nyanya, waitwa bibi, waitwa mama fulani. Mwenye kulijua jina langu alikuwa bwanangu, naye ameshatangulia."

Zuhura alikuwa ameacha kuosha vyombo. Adhana ya alasiri ilianza kusikika upande wa barabarani.

"Utanitaja tena," bibi akaniuliza, "sasa umeshaniona nilivyo?"

"Nitakutaja. Lakini si Asumini. Nataka kulitaja jina lako."

Alishika shungi lake, akalivuta vizuri kichwani, akakaa wima kama mtu aliyeitwa mbele za watu.

"Mwanajuma," akasema. "Mwanajuma binti Mbwana."

Nikalirudia polepole, nisilikosee. Akaniambia nilirudie tena.